Jina la Imani Halikusomwa

Jumapili, Februari 2014.

Shajara, leo mvua imenyesha tangu alfajiri, tope limefika mlangoni, na mimi nina hasira. Naanza na hasira kabisa, nisije nikajifanya nimeanza na shukrani.

Leo mwanangu Imani alikuwa abatizwe. Hakubatizwa.

Yalisomwa majina saba. Niliyahesabu kwa vidole chini ya kanga huku nikijua kabisa kwamba la kwetu halipo, ila moyo wa mama ni mjinga, unaweza kusubiri hata gari lililokwisha kuondoka. Katibu wa baraza la wazee akasoma jina la saba, akakunja karatasi. Wazazi wakanyanyuka na watoto wao, mavazi meupe pepepe. Mimi nikabaki benchi la nyuma, lile la waliotengwa, na Imani mapajani ndani ya gauni lake jeupe, kwa sababu bibi yake aligoma kabisa asivuliwe.

"Avae," alisema mama mkwe wangu. "Mimi nimelishona, mimi nasema avae."

Kosa langu ni kusoma kitabu cha hadithi.

Hapana, niseme vizuri. Kosa langu ni kusoma kitabu cha hadithi za kubuni, nikamwona Yesu ndani yake, nikaenda kuwaambia watoto.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni msusi. Nasuka kibarazani, hapa Tunduma, kwenye nyumba tuliyopanga, na wateja wangu wengine wanavuka kutoka Nakonde upande wa Zambia, wananisalimia "mulishani" nami najibu vibaya wanacheka. Shule niliishia la saba. Mume wangu, Baba Imani, anafunga maturubai ya malori pale maegesho. Imani ana miezi mitano. Na hadi majuma matatu yaliyopita nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, darasa la wadogo. Blogu hii alinifungulia mdogo wangu. Naandika kwa simu, kwa dole gumba moja, mkono wa pili una mtoto. Mkiona herufi zimerukana ndiyo hivyo, alikuwa anapiga teke.

Kitabu nilikinunua kwa muuza magazeti wa stendi. Jina lake silitaji, maana humu wanapita na watu wa kanisani kwetu, na sitaki mwenye nacho anyang'anywe kama nilivyonyang'anywa mimi. Ni hadithi ya nchi isiyokuwepo. Jalada lina mwanamke mwenye kucha ndefu amekaa juu ya kisima, macho mekundu kama taa za breki. Jalada baya, nakubali. Aliyelichora alitaka kuuza.

Nilikisoma nikinyonyesha. Ndiyo saa pekee ambayo mikononi mwangu hamna nywele za mtu.

Basi ndani yake kuna mji, na katika mji kuna mchawi anayeishi kwenye kisima, na huyo mchawi ananunua vivuli vya watu. Unampa kivuli chako, au cha ndugu yako, anakupa dhahabu. Ukishauza unatajirika, lakini hakuna anayekukumbuka jina tena, hata mwanao wa kumzaa anakutazama kama mpita njia. Mji mzima ukauza. Wakawa matajiri wasiojuana.

Ndipo mwana wa mfalme anakuja. Hakuja na farasi wala mapanga. Alikuja kama fundi wa kuezeka, anapanda juu ya mapaa ya watu, analala kwenye vibanda vyao, anakula wanachokula. Rafiki yake mmoja, Kabo, anamsaliti kwa mchawi. Na fundi anakubali kushuka kisimani mwenyewe, akatoe kivuli chake kimoja badala ya vyote vilivyouzwa. Anashuka. Mchawi anafunika kisima kwa jiwe.

Jiwe, jamani! Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu mwandishi amekaa kanisani huyu, hata kama ni zamani.

Lakini hicho mtu yeyote angekiona. Kilichoniliza mimi ni kitu kidogo, kule mwishoni. Fundi amerudi. Kabo hajui, Kabo amejificha kwenye mashimo, ana njaa na ana aibu. Asubuhi anaona moshi. Anasogea, anamkuta fundi amechuchumaa, anakoroga uji. Kabo anaanza kujieleza, sijui nilidanganywa, sijui nilikuwa na shida. Fundi hamwachi hata amalize. Anamwuliza tu, "Umekula?"

Nikakiweka kitabu chini, nikachukua Biblia. Nikatafuta kule mwisho wa Injili ya Yohana, Petro aliyemkana Bwana yuko ziwani, na ufukweni kuna moto wa makaa na samaki juu yake. Habari hiyo nimeisikia tangu niko mgongoni kwa mama yangu. Nimeisikia ikihubiriwa kwa sauti ya juu na kwa sauti ya chini. Sikuwahi kuona kwamba Bwana aliyetoka kaburini aliinama, akapuliza moto, akapika.

Yaani alipika. Ameshinda mauti, na kitu cha kwanza anachowaza ni kwamba wale wanaume hawajapata kifungua kinywa.

Imani aliacha kunyonya akanitazama. Machozi yangu yalikuwa yanamdondokea shavuni.

Sasa niambie, Shajara, ningeyafanya nini mambo kama hayo? Niyasuke kwenye nywele za watu? Jumapili iliyofuata nikawasimulia watoto. Walikaa kwa ukimya ambao sijawahi kuupata kwa kuwapigia meza. Hata yule mmoja anayekulaga nta ya mishumaa alisahau kula.

Hapa ndipo inabidi nikiri kitu, na nakiri mwenyewe, silazimishwi na baraza.

Nilisahau niko wapi.

Kwa mwandishi wa kitabu kile, kuuza kivuli cha ndugu upate dhahabu ni njozi. Kwetu ni umbea wa kila bomba la maji. Huku mtu akipata mali ya haraka, hasa akiwa ametoka machimboni, hawasemi amechimba. Wanasema ana ndagu, yaani amekwenda kwa mganga akamtoa ndugu yake, ndugu akafa au akarukwa na akili, yeye akatajirika. Hawasemi mbele yake. Mbele yake wanasema shikamoo.

Na katika darasa langu yupo Atupele, miaka sita, mapengo mawili mbele. Baba yake ni mchimbaji. Alikwenda Saza, kule Chunya, na mdogo wake. Mdogo wake akafukiwa na kifusi. Yeye akarudi, na baadaye dhahabu ikamkubali: pikipiki mbili za biashara, nyumba ya bati la rangi, na sakafu ya kanisa letu ni simenti yake. Mimi siamini kwamba alimtoa mtu. Nimemwona mkono wake wa kushoto, vidole viwili havikunjiki. Yule amechimba.

Watoto wangu wakaanza kupima vivuli. Sikujua. Asubuhi kivuli kirefu, wanafurahi. Saa sita jua liko utosini, kivuli kimekuwa kama sahani chini ya miguu. Atupele akaangalia chake akapiga kelele kwamba kimekatwa. Tangu siku hiyo akawa hataki kutoka nje mchana. Halafu jioni moja wamekaa kula, baba yake, mama yake, na wageni wawili wa kutoka Mkwajuni, mtoto akainua uso akauliza, "Baba, wewe uliuza kivuli cha nani?"

Niliposimuliwa nilijikuta nimeshika mdomo. Namwona kabisa yule baba na tonge mkononi.

Alikuja kwa wazee kesho yake. Sikumlaumu kwa kuja. Ningekuwa mimi ningekuja usiku uleule. Ila angekuja kwangu! Angesema, "Mwalimu, umenidhalilisha mbele ya wageni wangu," ningepiga magoti pale pale kwenye tope. Hakuja kwangu. Akaenda kwa katibu, na katibu hakuandika kwamba mtu mzima ameumizwa. Kuandika hivyo kungelazimu kuandika neno ndagu karibu na jina la aliyetoa simenti. Akaandika kwamba mwalimu anatumia kitabu cha kipepo.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Wote wanajua ni nini kilitokea mezani kwa Atupele, na hakuna anayekitaja. Wamekitafutia jalada lenye kucha ndefu, wamejificha nyuma yake.

Kwanza nikasimamishwa kufundisha. Nikanyamaza. Wakaja kuchukua kitabu. Katibu alikishika kwa mfuko wa rambo, kidole chake kisikiguse, kama vile kina upele. Kikachomwa nyuma ya kanisa pamoja na hirizi zilizokuwa zimebaki tangu mkutano wa injili. Nikanyamaza. Nilifikiri yameisha.

Alhamisi akaja Mama Eliza, mwenyekiti wa akina mama, kusukwa. Alitaka nywele nzuri ya Jumapili, eti kuna ubatizo. Nimefika katikati ya kichwa, upande mmoja tayari, upande mmoja umesimama kama kichaka cha Momba, ndipo anasema, "Mama Imani, mwanangu, usikasirike. Baraza limekaa. Jina la mtoto limeondolewa mpaka utubu."

Mikono ikasimama.

"Mtoto amesoma kitabu gani, mama?"

"Usiniulize mimi. Mimi natumwa tu."

"Umetumwa useme kichwa kikiwa nusu?"

Akajishika ule upande wa kichaka. Nilimwona anavyowaza: nikimfukuza, Jumapili anaingiaje kanisani? Nikamalizia. Mimi ni msusi, siachi kichwa cha mtu njiani. Ila nilivuta, Mungu anisamehe. Nyusi zilipanda mpaka akawa anaonekana anashangaa kila kitu. Leo kanisani alipokea ubatizo wa watoto saba kwa mshangao huohuo.

Ijumaa mama mkwe wangu akafika kutoka Ileje. Ametapika mara mbili njiani, ameleta maharage, jogoo, na gauni jeupe alilolishona kwa mkono. Sikuweza kumwambia siku hiyo. Nilimwambia Jumamosi asubuhi akichambua maharage, na Kiswahili chake cha Kindali kikapanda milima.

"Sasa wewe! Mimi nimepakiwa kama gunia ili nione mjukuu wangu anapata maji. Unaniambia kivuli? Kivuli cha nani?"

Nikamweleza. Ikabidi nisimulie kitabu chote, maana kila nikiruka sehemu ananirudisha. Alimchukia Kabo sana. Alisema anafanana na mjomba wake Baba Imani, yule aliyehama na mbuzi wa watu. Akauliza huyo mchawi wa kisima ni wa huku au wa Zambia. Nilipofika kwenye uji akaendelea kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Mchana huo nikaitwa barazani. Baba Imani alinisindikiza mpaka getini, akabaki nje na mtoto. Alikuwa amenisihi njia nzima, kwa upole wake ule. "Mke wangu, maneno matupu hayavunji mfupa. Waambie ndiyo, piga magoti, dakika moja imekwisha, tunabatiza." Nampenda, lakini yeye ni mtu wa kufunga turubai, akishafunika mzigo anaona kazi imekwisha.

Walikuwa wazee watano na mchungaji, mle mle kanisani. Katibu akanisogezea karatasi iliyopigwa chapa. Nisome, nitie sahihi, na kesho yake nisimame mbele ya usharika niisome tena. Imeandikwa kwamba mimi, jina langu kamili, nimefundisha watoto wa kanisa uchawi na ndagu kwa kutumia kitabu cha kipepo.

"Mzee, uchawi sikufundisha. Hicho kitabu ulikisoma?"

"Nimeona jalada. Sumu huonji ndipo ujue ni sumu, binti."

Nikaona hilo nalo lina akili kidogo. Mimi nikigombana hupatwa na ugonjwa huo, namwelewa mtu katikati ya ugomvi. Lakini nikajikaza.

"Naomba kuuliza, mzee wangu. Yule baba wa mwana mpotevu alikuwa anaitwa nani?"

"Nani?"

"Yule baba aliyechinja ndama. Jina lake nani? Wa kijiji gani? Tukienda leo tutaonyeshwa kaburi lake?"

Mzee mmoja wa pembeni akakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Katibu akavimba. "Unamlinganisha Bwana na mwandishi wa stendi?"

Jibu lipo, Shajara. Nililipata nikiwa nimekwisha kufika nyumbani, kama kawaida yangu. Ningemwambia: simlinganishi Bwana na mtu, nasema tu kwamba Bwana mwenyewe alipotaka watu waone, hakuwapa karatasi ya chapa. Aliwabunia mtu, akawabunia shamba, akawabunia nguruwe, wakaona. Na mtu wa stendi naye kama amewahi kumsikia akisimulia, sauti hiyo itatokea hata kwenye hadithi ya mchawi. Mimi nimeisikia. Sikuiweka mimi, niliikuta imo.

Ningesema hivyo kama lingenijia mapema. Lakini pale pale, nje ya dirisha, Imani alianza kulia kwa njaa, na maziwa yakanitoka. Yakalowanisha blauzi mbele ya wazee watano, duara mbili, zinakua. Wakaangalia dari. Nikajifunika kwa ile karatasi yao ya toba kwa kuwa ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi.

Mchungaji yeye hakuangalia dari. Aliangalia sakafu. Ile sakafu ya simenti.

Nilitoka bila kutia sahihi. Ndiyo maana leo majina yalikuwa saba.

Sasa nifike kwenye hili lililonifanya niandike leo badala ya kulala na Imani.

Baada ya ibada nilikuwa nataka kuondoka haraka. Mvua ikatubana wote mlangoni, waliotengwa na wasiotengwa. Baba Atupele alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anaangalia matone. Mama mkwe wangu akamwangalia juu mpaka chini, akasema kwa Kindali neno ambalo nashukuru hakulielewa. Ndipo kitu kikanivuta kanga.

Atupele. Alikuwa amejipenyeza katikati ya miguu ya watu. Ameshika kanga yangu kwa mikono miwili, na uso wake haukuwa wa mtoto anayeamkia mwalimu. Umekonda.

"Mwalimu," aliniuliza, "fundi bado yuko kisimani?"

Mama yake akamkwapua. Baba yake akageuka, akaniona, akamwona mwanawe. Niliona macho yake, na haikuwa hasira iliyokuwa mle. Ilikuwa hofu. Ni baba ambaye mwanawe hatoki nje mchana, na hajui afanye nini.

Sikupata nafasi ya kumjibu. Wakaondoka na mvua ileile.

Nikabaki nimesimama. Kwa sababu ni kweli, Shajara. Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile nilipowasimulia, kengele ya ibada ya pili iligongwa nikiwa kwenye jiwe. Fundi ameshuka, jiwe limefunikwa, giza. Nikawaambia, haya watoto, tutamalizia Jumapili ijayo, na nikaona nimefanya ujanja, nimewaacha na hamu. Jumapili ijayo sikuwa mwalimu tena.

Kwa hiyo majuma matatu hawa watoto wako ndani ya ule mji. Vivuli vimeuzwa, mwana wa mfalme amezikwa, na hakuna aliyewaambia zaidi. Niliwapa Ijumaa Kuu nikawanyima Pasaka.

Mama mkwe alinisikia nikilia njiani akadhani ni habari ya gauni. Nilipomwambia akasimama katikati ya tope. "Kwani hukuwaambia alirudi?"

"Kengele iligongwa, mama."

"Kengele!" Akaguna. "Mimi ulinisimulia mpaka mwisho kwa sababu sikuwa na kengele. Wewe mtoto mjinga. Mtoto mdogo unamwacha kisimani?"

Hiyo ndiyo toba yangu. Hawakuiandika kwenye karatasi yao kwa sababu hawakuniuliza. Walichoma kitabu, na mwisho wake ukaungua nao. Kama wangekisoma, hata mmoja tu wa wale watano, wangekwenda kwa Atupele wakamwambia, mjukuu wangu, toka nje, alirudi. Mtoto angetoka. Ingechukua muda gani? Lakini walikuwa wanalinda watoto. Wanalinda watoto, na mtoto amekaa ndani mchana majuma matatu anaogopa miguu yake mwenyewe, na hakuna aliyeinama kumwuliza anaogopa nini.

Nimekasirika nao. Nimejikasirikia mimi. Nimekasirikia hata kengele.

Jioni hii nilimwambia Baba Imani nakwenda kwa kina Atupele. Nilikwenda, Imani mgongoni, mwavuli wa kuazima. Baba yake alifungua mlango nusu. Nilimwomba radhi kabla sijasalimia. Nilimwambia sikuwa na nia ya kumsema, na kwamba nampa pole ya mdogo wake, pole ambayo nadhani hakuna aliyempa tangu pikipiki zifike. Alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wa vidole viwili visivyokunjika ukashika fremu ya mlango. Halafu akasema, taratibu, "Nimesikia, mwalimu. Lakini hadithi hapa nyumbani, basi." Akafunga. Hakubamiza.

Simlaumu. Ila mtoto wake bado yuko kisimani.

Mchungaji alipita kwangu leo mlangoni pa kanisa akanong'ona kwamba Pasaka kuna ubatizo mwingine. Nisimame mbele nirudi kundini kama wanavyorudi wengine, na Imani atabatizwa siku hiyohiyo. Nilimwitikia kwa kichwa tu.

Sasa nimefikiri. Desturi yetu naijua, nimeiona tangu niko mdogo. Anayerudi kundini anasimama mbele, peke yake, na anaeleza kwa kinywa chake alichokifanya. Haruhusiwi kuelezewa na mtu. Na watoto wa shule ya Jumapili wanakaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, miguuni pake.

Nitasimama. Karatasi yao nitaikunja. Sitasema nilifundisha uchawi, maana huo ni uongo na siwezi kumbatizia mwanangu kwenye uongo. Nitasema nilianza kuwasimulia watoto habari njema kwa mfano nikaishia katikati, na kwamba kumwacha mtoto katikati ni dhambi. Halafu nitasema nilichokuwa nimekibakiza. Nitaanzia kwenye jiwe.

Naogopa. Hii ya leo naihifadhi tu kwenye simu, siiweki hewani mpaka Pasaka ipite. Nikikatizwa pale, Imani atakosa maji tena, na mama mkwe atakuwa amepanda gari mara ya pili bure, na safari hii sijui kama atanisamehe. Nimemwambia mpango huu. Aliendelea kuosha sufuria, akasema jogoo anaweza kusubiri mpaka Pasaka ila anakula sana.

Nimejipima kwa saa ya simu, Imani akiwa msikilizaji. Kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye uji ni dakika tatu, nikisema bila kulia. Mtu anaweza kutolewa kanisani ndani ya dakika tatu?

Nitasema haraka.